Kero za Marehemu Mtepa

Mzee Mtepa alizikwa Ijumaa alasiri. Jumatatu asubuhi binti yake, Somoe, akiwa kwenye foleni ya benki, akamsikia nyuma yake akivuta kohozi.

Hakuna mtu mwingine pale Lindi aliyevuta kohozi namna ile. Mzee alikuwa analianzia mbali, analipandisha polepole kama ndoo ya kisimani, analitema kwa kishindo, kisha anasema "Alhamdulillahi" kana kwamba amemaliza sahani ya pilau. Somoe aligeuka. Nyuma yake alikuwepo msichana mwenye miwani, ametulia tuli, anasoma habari kwenye kiganja cha mkono wake.

"Samahani, mdogo wangu," Somoe alimwambia kwa sauti ya chini. "Umesikia mtu akitema hapa?"

"Hapana, dada."

Somoe akageukia mbele. Foleni ilisogea, na alipokaribia dirisha sauti ikamjia tena, safari hii kwenye sikio la kushoto: "Nauliza tu, jamani. Nauliza tu, sikai." Ndiyo maneno aliyoyatumia baba yake maisha yake yote kuruka foleni. Alikuwa anauliza tu, na akimaliza kuuliza ameshahudumiwa, anaondoka anachekelea huku waliotangulia wakibaki wanamtazama mgongo.

Alitoka benki bila kufanya lililompeleka. Kando ya mlango ilisimama nguzo nyeupe ya Staha, na taa yake ndogo ilikuwa inamfuata kila anapogeukia. Hapo akaelewa kinachomsemesha ni nini, na kuelewa hakukumpunguzia hofu hata kidogo.

* * *

Watoto wa siku hizi hawaujui mji usio na nguzo. Somoe anaukumbuka kwa mbali. Zamani mtu akikukera ulimwambia. Aliyefungulia simu yake kelele kwenye chumba cha daktari, aliyekukanyaga akapita, aliyechungulia gazeti lako begani na kukuomba usifunue ukurasa maana yeye hajamaliza: ulimwambia, mkagombana, mkapatana au mkanuniana, yakaisha. Nguzo zilipokuja, mambo yote hayo yakawa kazi ya kidole. Unabonyeza bangili iliyo mkononi mwako, basi. Hufungui mdomo.

Nguzo iliyo karibu hukikata kipande kile cha sauti na kukihifadhi. Kuanzia siku hiyo, mkosaji akipita kwenye nguzo hiyo husikia kero yake mwenyewe, na huisikia peke yake, kwa sababu sauti hurushwa kama mwanga wa tochi: anayemulikwa anasikia, aliye ubavuni hapati kitu. Hurudiwa hivyo hivyo mpaka aliyekerwa asimame mbele ya nguzo yoyote na kutamka kwa mdomo wake kwamba amesamehe. Mkosaji akipuuza, kero hupandishwa daraja. Hapo husikiwa na kila mtu, na milango ya mahali pa umma huanza kumfungia. Mgonjwa peke yake ndiye hafungiwi mlango wa hospitali, hilo sheria ililiona.

Na kweli mji ukapata adabu. Watu waliacha kutema, wakaacha kupayuka, na polepole wakaacha pia kusemezana na wasiowajua, maana huwezi kujua bangili ya mwenzio ina wepesi gani. Ukiingia sokoni Lindi saa nne asubuhi unasikia visu vikikata mboga.

Mzee Mtepa hakubadilika. Ujana wake wote alikuwa mnadi wa vyombo na mitumba, na mnada ulimwachia koo la kuita watu walioko mtaa wa pili. Kero zikamwandama, akazizoea. Alikuwa anapita mjini anajisikia mwenyewe kila kona, anacheka. "Afadhali na mimi," alikuwa akisema, "angalau kuna mtu mmoja anaongea mji huu." Alipoambiwa akaombe radhi alitikisa kichwa. Aombe radhi kwa kucheka? Milango ilipomfungia, alihamia barazani kwake, akawa anawasalimu wapita njia kwa nguvu mpaka wengine wakabadilisha njia.

Somoe alikuwa kinyume chake kabisa. Huyu ni mtu anayepiga chafya kwa ndani. Alifanya kazi maabara ya hospitali ya mkoa, kazi ya kupima makohozi ya watu kwa darubini, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumbonyezea bangili. Akitoka na baba yake, alijifanya anatazama duka hili na lile ili abaki nyuma kidogo. Alimpenda sana, na alimwonea haya, na yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

* * *

"Pole na msiba, dada," alisema Ngonyani, fundi wa ofisi ya Staha. Alikuwa kijana mpole, amezoea kuwatuliza watu. "Niambie kitu kimoja. Siku ya maziko, nani alitoa tangazo?"

Alitoa baba mdogo wake, Hemedi. Jeneza likiwa uani mwa msikiti, kabla ya kusaliwa, alisimama akasema yale yanayosemwa kwenye kila msiba wa pwani: kwamba binadamu ana mapungufu, mwenye kinyongo na marehemu tunamwomba amsamehe, na mwenye lake lolote amwone binti yake, Somoe, yeye ndiye amebeba yote. Watu wakaitikia, wakasali, wakainua jeneza. Hakuna aliyeyafikiria maneno yale zaidi ya hapo, kwa sababu ndivyo watu wanavyozikana.

"Sasa pale uani pana nguzo," Ngonyani alisema. "Na nguzo ina kipengele cha kubeba. Kiliwekwa kwa ajili ya wazazi. Mtoto akilia dukani, akivuta nguo za watu, mzazi anasema 'nimebeba', kero inamhamia yeye, mtoto anaachwa. Mtambo hauna njia ya kujua nani mzazi nani mtoto. Ulisikia jina lako, ukasikia 'amebeba yote'. Kwa kawaida kero za marehemu zinafutika akishazikwa. Za mzee zilikuwa bado hazijafutwa, zikahamia kwako, zikaanza upya daraja la chini."

"Kwa hiyo ananifuata mpaka lini?"

"Mpaka waliokerwa wasamehe. Nitakuwekea majina yao kwenye bangili, si wengi kama unavyodhani, maana kero moja wakiibonyeza wengi huandikwa jina la wa kwanza tu. Lakini kazi iwe imekwisha kabla ya arobaini. Baada ya hapo zinapanda daraja, na mfanyakazi mwenye kero iliyopanda haingii kazini. Maabara ndiyo itakuwa basi." Akasita kidogo. "Kuna na njia fupi. Simama mbele ya nguzo yoyote, useme wewe humbebi. Zitafutika leo hii zote."

"Niseme simbebi baba yangu."

"Ni maneno tu, dada."

"Na baba mdogo alisema maneno tu," Somoe alimjibu, akachukua mkoba wake.

* * *

Basi akaanza kuzunguka kutafuta radhi, yeye ambaye kumuuliza mtu njia tu ilikuwa mtihani.

Alianza na mama muuza nyanya. Mzee alikuwa anaziminya nyanya zake moja moja mpaka zinalegea, kisha anamwambia hizi kampe ng'ombe. Mama yule alinung'unika kidogo, akasamehe, akamwongezea Somoe nyanya za msiba. Akafuata kinyozi, ambaye mzee aliwahi kumtangazia bei wateja wake kwa sauti ya mnada. Akafuata dada wa kaunta ya posta. Kila mmoja alisimama mbele ya nguzo, akatamka, na nguzo ikatoa mlio mwembamba, na kipande kile cha Mzee Mtepa hakikusikika tena.

Mwalimu Chitanda, mstaafu, yeye alikuwa ameulizwa mbele ya watu: "Mwalimu, mbona siku hizi tumbo linatangulia, wewe unafuata?" Alisamehe haraka haraka. Kisha akabaki amesimama pale pale mbele ya nguzo, kofia mkononi.

"Hivi siwezi kuisikia mara moja?" aliuliza.

"Imeshafutika, mwalimu."

"Nilibonyeza kwa hasira," alisema mwalimu. "Lakini tangu siku ile, mwanangu, hakuna mtu aliyeniuliza chochote mahali popote."

Somoe alirudi nyumbani akiwa na mzigo mwepesi na moyo mzito. Alikuwa amegundua jambo ambalo hakumwambia mtu: sauti zile ndizo pekee zilizobaki. Mzee hakupenda kurekodiwa, na Somoe hakuwahi kuhifadhi hata salamu. Siku za kwanza alizikimbia nguzo. Sasa alikuwa anazifuata. Alizunguka kwa njia ndefu ili apite pale ambapo baba yake anamcheka mtu aliyeteleza, alisimama sokoni akijifanya anachagua bamia huku anamsikiliza akibishana, na machozi yalimtoka mbele za watu waliojifanya hawaoni. Kila radhi aliyoipata ilimnyamazisha baba yake mahali pengine. Alikuwa anamzika kipande kipande, kwa hiari yake, kwa heshima zote.

* * *

Ikabaki moja. Bangili ilionyesha jina la mwanamke, Sikuzani, mkazi wa Mtanda, na mahali: ukumbi wa wagonjwa wa nje, hospitali ya mkoa.

Somoe alishangaa. Hiyo ni hospitali yake. Lakini wafanyakazi wa maabara huingia kwa mlango wa nyuma, na hakuwa na sababu ya kupita ukumbini. Mchana, wakati wenzake wanakula, alivua koti lake jeupe, akaenda kukaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa. Nguzo ilikuwa kwenye pembe, karibu na mlango wa daktari. Taa ikamgeukia.

Kilikuwa kikohozi. Alikitambua kabla hakijafika katikati. Mtu wa makohozi anakijua kikohozi cha vumbi, anakijua cha baridi, na anakijua hiki cha kifua kikuu, kinachoanza kikavu na kuishia kwenye maji. Kilikwenda muda mrefu, kikakatika, kikaanza upya. Ndipo sauti ya baba yake ikasikika, si ile ya mnada, sauti ndogo ambayo Somoe hakuwahi kuijua.

"Nisameheni, jamani," ilisema. "Kifua hiki. Nisameheni."

Hakuna aliyejibu. Palisikika mlio wa bangili, kama kijiti kinavunjika. Halafu mwingine. Halafu mwingine, upande wa pili wa ukumbi. Mzee akakohoa tena, amejiziba na nguo. "Haya," akasema, "basi nawapisha." Fimbo ikaenda ikigonga sakafu, mlango ukafunguka ukafungwa.

Somoe aliegemea ukuta. Nyumbani baba yake alisema ni vumbi la barabara mpya. Alipomsihi aje apimwe, alimjibu hospitali ni ya wagonjwa. Kumbe alikuja. Alikaa benchi hili, na ukuta ulio nyuma ya mgongo wake ndio ukuta wa maabara, na upande wa pili binti yake alikuwa ameinamia darubini akipima makohozi ya watu asiowajua. Ugonjwa ule, ukiwahiwa, ni wa vidonge. Mtu aliyekataa kuomba radhi miaka yote aliomba siku hiyo moja, kwa kosa ambalo halikuwa kosa, na hakupata hata wa kumwambia pole. Somoe alijiuma mkono asipige kelele, kwa sababu ndivyo alivyozoea.

* * *

Walikwenda Mtanda yeye na baba mdogo Hemedi, ambaye tangu agundue alichosababisha hakuwa na raha, na alitaka jambo liishe kabla ya hitma. Sikuzani aliwakaribisha sebuleni, akawaletea maji. Alikuwa mwanamke mdogo, na mtoto wake alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika kuta.

"Nilikuwa naye mchanga," alisema, akimtazama mtoto. "Mzee alikaa karibu yetu. Niliogopa, dada."

"Hata mimi ningeogopa."

"Sikumchukia. Nilitaka asogee kidogo tu."

"Ungemwambia asogee, angesogea," Somoe alisema. Hakusema kwa ukali.

"Siku hizi nani anamwambia mtu?" Sikuzani alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nilipopata habari kwamba amefariki, na kwa nini, sikulala. Twende nje, nikaseme. Nimemsamehe zamani."

Nguzo ya mtaa ilikuwa kwenye kona, chini ya taa. Sikuzani alisimama mbele yake, akapandisha kanga kichwani kama mtu anayetaka kuomba dua, akavuta pumzi.

"Usiseme," Somoe alisema.

Hemedi alimgeukia. "Somoe. Unajua unachokifanya? Marehemu anangoja radhi."

"Alishaomba mwenyewe, ba'mdogo. Hawakumjibu."

"Ndiyo anajibiwa sasa."

"Anasamehewa nini? Kuumwa?"

Hemedi, mtu wa dini mwenye hoja zake, aliziweka hizo kando. "Kesho kutwa ni arobaini," alisema. "Utafukuzwa kazi. Na kaka yangu atabaki ana doa. Atasikiwa na mji mzima, amekufa na bado anawakera watu. Hilo ndilo unalomtakia?"

Somoe aliona kwamba ba'mdogo wake anasema kweli. Akiruhusu neno litamkwe, baba yake ataondoka safi na maabara itabaki yake, na hakutakuwa na kitu chochote duniani kinachoonyesha kwamba Mzee Mtepa alikuja kutafuta tiba akafukuzwa na milio ya bangili. Kitafutika kwa mlio mwembamba kama vingine. Akikataa, basi anamwacha baba yake kwenye ule ukumbi, anakohoa na kuomba, anakohoa na kuomba, hana wa kumtoa.

"Na mimi je?" Sikuzani aliuliza taratibu. "Mwenzio nami nimebeba, dada. Usiponiacha niseme, mzigo huu nitauweka wapi?"

Swali lile lilimuuma Somoe kuliko hoja zote za Hemedi. Alimshika mkono yule mwanamke, mkono wenye bangili. "Nivumilie," alisema. "Ukisema leo utapumzika wewe na nitapumzika mimi, na wale wengine waliobonyeza hawatajua hata walimbonyezea nani. Nivumilie kidogo."

* * *

Asubuhi baada ya arobaini, mlango wa wafanyakazi haukumfungukia. Alikuwa ametarajia hivyo, lakini aliusukuma tena, ukamkatalia. Alizunguka mbele, akaingia kwa mlango wa wagonjwa, ule usiomfungia mtu.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na kimya kama kawaida. Mwanamume mwenye bandeji mguuni, bibi mmoja na mjukuu wake, wanafunzi, wajawazito, kila mmoja macho kwenye kiganja chake. Somoe alipata nafasi kwenye benchi lile lile. Taa ya nguzo ikamgeukia, na safari hii haikumlenga yeye peke yake.

Kikohozi kilijaa ukumbi mzima. Vichwa viliinuka. Kero za kupandishwa daraja zimekuwa nadra, watu huomba radhi mapema, na wengi mle ndani hawakuwahi kusikia hata moja. Walichosikia ni mtu anayekohoa, karibu yao, vibaya sana. Mikono ikaanza kwenda kwenye bangili, Somoe akaiona, akafumba macho. Alikuwa amemleta baba yake wamfanyie mara ya pili, na alijichukia kwa hilo.

"Nisameheni, jamani," alisema mzee. "Kifua hiki. Nisameheni."

Labda ni kwa sababu sauti ilitoka kila upande, hakuna aliyeweza kuamua kwamba anayeombwa ni jirani yake. Mwenye bandeji mguuni aliacha bangili yake. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasafisha koo kama mtu ambaye hajaongea muda mrefu.

"Pole, mzee," alisema.

Nguzo ikarudia. Kikohozi kikaanza kavu, kikashuka kwenye maji. "Huyu hawezi kusubiri," alisema yule bibi, akisimama kwa shida. "Nani yuko naye? Mpitisheni mbele." Mwanafunzi mmoja akauliza kama kuna mwenye maji. Watu walisogea kwenye mabenchi, wanatazamana usoni, wanaulizana, kila mtu anamtafuta mgonjwa kwa mwenzie. Waliokaa karibu na Somoe walibanana kumwachia mtu nafasi, na nafasi ikawa pale ubavuni mwake, wazi. Mlango wa daktari ukafunguliwa, muuguzi akatokeza kichwa.

"Nani anakohoa hivyo?" aliuliza. "Aje, aje kwanza."

Somoe alisimama. Aliipaza sauti yake, ikawa kubwa, ukumbi wote uliisikia.

"Ni baba yangu," alisema.

"Haya, mlete," alisema muuguzi. Watu wakapisha njia kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni, wengine wamenyoosha mikono kumsaidia mzee asianguke, na muuguzi akaushikilia mlango wazi kwa bega, anamngoja aingie.